Wa Tano Kwenye Kinu

Bukene, 4 Februari 2024

Recheli, mke mwenzangu,

Hivi wewe umekatwa miguu? Babu yangu alibeba pembe kichwani kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi kwa miguu ileile na doti za kaniki, na mkewe alikuwa bado anamngoja mlangoni. Wewe una ndege. Mwaka wa tatu huu sijaona hata kisigino chako. Ulisema Pasaka, Pasaka ikaja na matawi yake, wewe hukuja. Ukasema Krismasi, nikafuga jogoo. Jogoo kazeeka. Nimemla juzi kwa hasira, na alikuwa mgumu kama wewe.

Shikamoo yako naipokea kabla hujaileta: marahaba. Hapa hatujambo. Mjomba wako Lugembe ametundika mizinga kumi porini, sita imeingia nyuki, minne imekaa bure, naye anatembea kama mtemi. Mvua ni nzuri. Jirani yetu Batuli bega linamuuma, lakini mdomo ni mzima.

Anayeandika ni Mektilda, yule aliyekuwa karani wa stesheni. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kunipambia maneno. Akipamba namnyima michembe yangu ya viazi vikavu. Na usiniulize kwa nini sipokei simu. Simu ni ya watu wenye haraka. Unasema "salama, bibi", unakata. Karatasi haikatiki.

Sasa neno lenyewe. Ulituambia unaunda kidude cha kutia ndani ya simu na minara, kikitoka utapewa udaktari wako wa kusoma, uje nyumbani. Pasaka mbili zimepita. Kimetoka au hakijatoka? Kama kimekufa, sema kimekufa. Nimezika watu mimi, sitashindwa kuzika kidude.

Bibi yako,
Bertila


Ubelgiji, 3 Machi 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta natoka kazini, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi na koti mwilini. Pole kwa jogoo.

Huku ni baridi. Theluji ilianguka Jumanne ikayeyuka Jumatano, ikaacha tope kama la bondeni kwetu, ila jeusi. Nimepata duka la Mkongo mmoja anauza unga wa muhogo na dagaa, kwa hiyo usiogope, nakula. Kuna ndege wa hapa wanakuja dirishani kuomba mkate kama watu. Jumapili naimba kanisani, nimewekwa sauti ya pili. Nimenunua baiskeli kuukuu, breki yake inalia kama mbuzi, lakini inanifikisha.

Kazi inaendelea vizuri. Kuna marekebisho madogo. Msalimie mjomba na nyuki wake, na mama Batuli, na bibi Mektilda anayetuandikia.

Mjukuu wako,
Recheli


Bukene, 7 Aprili 2024

Recheli,

Salamu zako zimefika na zimegawanywa. Lugembe kavuna asali ya kwanza, debe moja na robo, kaumwa na nyuki jicho limefunga. Hata hivyo kaenda nalo Tabora sokoni, wateja wakamwona, wakaamini kuwa asali ni ya kweli. Mahindi yanatoa ndevu.

"Marekebisho madogo." Nimemwambia Mektilda anirudie mstari huo mara tatu. Barua yako ina theluji, ina dagaa, ina ndege ombaomba, ina baiskeli. Kazi iliyokuondoa nyumbani ina mstari mmoja. Nimekulea, Recheli. Ulipovunja mtungi wangu ukiwa na miaka sita ulikuja kunihadithia habari za mbuzi wa watu tangu asubuhi mpaka nikauona mtungi mwenyewe.

Mtungi umevunjika wapi? Niambie kwa maneno ninayoweza kuyashika. Usiniambie siwezi kuelewa kwa sababu sikukaa darasani. Mimba yako niliielewa kabla ya mama yako mwenyewe.

Bibi yako,
Bertila

(Pembeni, kwa mwandiko mdogo: Mwanangu Recheli, mimi Mektilda. Bibi yako hasikii vizuri tangu mwaka jana. Ndiyo sababu ya kukataa simu. Amenikataza nisikuambie, na sasa hivi ameinama kuchochea moto. Namsomea barua zako kwa kupiga kelele hata kuku wanakimbia.)


Ubelgiji, 12 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Haya, mtungi ni huu.

Simu inawaza kwa namba tu. Hewa haijui namba, inajua mawimbi. Kidude changu kinakaa katikati: kinachukua namba, mabilioni kila sekunde, na kuzigeuza kuwa wimbi linalopanda antena na kwenda. Kinaitwa kigeuzi. Kigeuzi kimoja hakiiwezi kasi hiyo, kinahitaji kupumzika kidogo kati ya namba na namba. Kwa hiyo ndani ya chipu moja, ndogo kuliko ukucha wako, nimeweka vigeuzi vinne vinavyopokezana. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, halafu cha kwanza tena.

Cha tatu kinachelewa. Kinachelewa kidogo mno, hata neno la kupimia kuchelewa huko hatuna. Lakini kwa kuwa kinachelewa kila zamu yake ikifika, huko kuchelewa kunazaa wimbi la uongo, ambalo hakuna aliyelituma, linakwenda kukaa kwenye njia ya simu za watu wengine. Minara haiwezi kukubali kitu kama hicho. Niliipima chipu asubuhi ikiwa baridi, nikakinyoosha cha tatu kikanyooka, nikashangilia, nikamwita Profesa anayenisimamia aje aone. Alipofika na kikombe chake cha kahawa chipu ilikwisha kupata moto. Wimbi la uongo lilikuwa limerudi, limesimama wima kwenye kioo cha kupimia kama kisiki katikati ya shamba.

Nimebakiwa na nafasi moja. Michoro mipya inakwenda kiwandani mwanzoni mwa Septemba, chipu zitarudi Januari. Ikishindikana tena, muda wangu wa masomo umekwisha, na ninarudi bila shahada. Ndiyo maana sikuja, bibi. Nilitaka nije na kitu mkononi.

Nami nakuuliza mtungi wako. Masikio yana nini?

Recheli


Bukene, 16 Juni 2024

Mke mwenzangu,

Nilimfukuza Mektilda siku tatu. Siku ya nne nikakumbuka kwamba bila yeye sina wa kukutukania, nikamwita. Alikuja na kalamu mbili. Msaliti mwenye bidii.

Ni kweli. Sikio la kulia limefunga duka. La kushoto linauza nusu siku. Basi, yamekwisha, usinililie.

Nije na kitu mkononi! Nani alikuambia nautaka mkono wako uwe na kitu? Ulipozaliwa ulikuja mikono mitupu, tena unapiga kelele, na nilikupokea.

Tumevuna mahindi magunia kumi na mbili. Batuli kasaidia kwa mkono mmoja na kula kwa miwili. Sasa nisikilize, na Mektilda aandike polepole.

Uliposema wanne wanapokezana, nilicheka mpaka Mektilda akaniletea maji. Mwanangu, wewe unatwanga. Umekwenda kote huko, umepanda ndege, umevaa koti, unatwanga.

Nilipoolewa hapa kwa babu yako nilikuwa mwembamba kama ufito. Na desturi ya hapa, asubuhi ya kwanza bibi harusi anatwanga mtama uani, kinu kikubwa cha pombe, yeye na wenzake watatu, michi minne kinu kimoja. Mama mkwe yuko ndani amelala usingizi wa uongo, masikio wazi. Mwenye mkono dhaifu mchi wake unachelewa kutua. Mizunguko mitatu tu inatosha. Mkwe anahesabu kitandani: wa nne anachelewa, na tena wa nne, na tena. Basi huyo wa nne ndiye niliyeletewa, na ni goigoi. Jina hilo utazeeka nalo.

Shangazi yangu Martha alinijua. Hakuleta dawa ya mkono, mkono hauponi kwa usiku mmoja. Alileta mwanamke wa tano.

Mkiwa wanne hamwezi kuvuruga zamu. Aliyetoka kushusha mchi bado hajapumua, wawili waliomtangulia nao hivyohivyo. Aliye tayari ni mmoja tu, kwa hiyo zamu inabaki ileile. Mkiwa watano, kila mara wapo wawili waliokwisha kupumua. Hapo shangazi anatikisa kichwa: ingia wewe. Mara huyu, mara yule. Mchi wangu ulichelewa vilevile, Recheli. Lakini kuchelewa kwangu hakukupata kigoda cha kukalia. Mkwe wangu alisikiliza mpaka jua likatoka, akaja mlangoni amekunja uso, akasema, "Leo kinu kinanyesha mvua." Hakumjua mgonjwa! Nilimwambia mwenyewe mwaka wa saba, tukacheka mpaka ugoro ukamwagika.

Wewe unakiganga hicho cha tatu kama mtu anayeganga bega la Batuli. Mimi nakuambia unga umetoka, watu wamekunywa.

Tafuta wa tano.

Bertila


Ubelgiji, 7 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua hii imefika upesi kuliko zote. Niliisoma ndani ya treni, nikapitiliza kituo changu, nikapitiliza na cha pili.

Sitakuficha kitu tena. Wapo watu waliokwisha kuandika habari ya wa tano, kwa lugha ya hesabu. Nilizisoma kurasa zao mwaka wa kwanza nikazifunga. Wa tano anakula umeme, anakula nafasi. Na wimbi la uongo halifi. Linasagwa tu, likamwagika kila mahali kama manyunyu. Nilisema mimi sitaficha kosa, nitaling'oa. Nilitaka vinne visivyo na ila, watu waseme Recheli alitengeneza vinne visivyo na ila.

Jana nilimwendea Profesa. Akasema nafasi hakuna. Nikamwonyesha kwamba nikibomoa mitambo yote niliyoiweka kumganga wa tatu, nafasi inapatikana na inabaki. Akauliza nimelitoa wapi wazo la kurudi huko. Nikasema, kwa mama mkwe wa bibi yangu. Akaniomba nichore kinu ubaoni. Bibi, mzee yule alisimama na kalamu ya wino akitikisa kichwa, "wewe, sasa wewe," na wanafunzi wanne na mimi tunapiga meza kwa ngumi. Jirani wa chini alikuja kulalamika.

Ila ameniuliza swali, nami nalileta kwako. Shangazi Martha alichaguaje? Akifuata mpango wowote, hata mpango mzuri, mpango wenyewe utasikika. Alifuata nini?

Nimeuliza na habari za masikio. Kuna vifaa vidogo vya kuvaa, na ndani yake mna kigeuzi pia, ndugu wa changu, ila yeye ni mpole, hakimbii. Hospitali kubwa Tabora wanaweza kukupima kwanza. Mjomba akupeleke.

Recheli


Bukene, 4 Agosti 2024

Recheli,

Mwangaluka, umeamkaje huko, na salamu za jua kali. Lugembe alinipeleka Tabora kwa treni. Daktari alikuwa msichana, kaniingizia kitu baridi sikioni, kasema la kushoto linasaidika. Nikamwambia sina haraka, maana nikisikia sawasawa itanibidi nimsikilize Mektilda. Mektilda ameliandika hilo mwenyewe, na kalamu imetoboa karatasi.

Shangazi yangu alichaguaje? Kwani Profesa wako hajawahi kuona uani? Mtama ukitwangwa unaruka. Ukiruka, kuku wanakuja. Shangazi alikuwa akimtazama kuku mweupe. Akidonoa upande wa kulia, anaingia wa kulia. Akidonoa kushoto, wa kushoto. Sasa nani anajua kuku atadonoa wapi? Kuku mwenyewe hajui.

Tia kuku humo ndani. Kisha ulale, maana naona mwandiko wako umelala kabla yako.

Bertila


Bukene, 1 Desemba 2024

Recheli,

Miezi minne, karatasi moja. Ile iliyofika Oktoba ikisema tu "imekwenda kiwandani, bibi, ombeni." Tumeomba. Batuli kaswali, mimi nimesema rozari, Mektilda na Wamoraviani wenzake wameimba mpaka nimewasikia hata mimi. Mungu amefikiwa kwa njia zote.

Mvua imeanza, tumepanda. Ng'ombe kazaa.

Nakuandikia neno moja kabla hicho kitu hakijarudi, ili usije ukadhani nimelisema kwa sababu ya majibu. Kikirudi kimekufa, njoo. Kitanda chako kipo, na godoro nimelianika.

Bertila


Ubelgiji, 2 Februari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Chipu zilifika tarehe ishirini Januari. Niliiunganisha ya kwanza, nikaipima ikiwa baridi, ikawa safi, na sikushangilia. Nikaipasha moto. Nikakaa nayo kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, naipandisha, naishusha, sandwichi yangu mezani haijaguswa. Pale lilipokuwa limesimama wimbi la uongo pamekuwa patupu, bibi. Chini yake kuna manyunyu laini, madogo kuliko kiwango cha minara, yaani yanaruhusiwa. Nilipima na cha tatu peke yake. Bado kinachelewa! Kinachelewa kama zamani, na hakuna mashine humu ndani inayoweza kukitaja.

Profesa alikuja na kahawa yake. Aliangalia kioo, akasema, "Kinanyesha," akaenda kufunga mlango wa ofisi, na nadhani alikwenda kupenga kamasi.

Kwenye mchoro, kile kipande kinachochagua nani aingie nimekiandika KUKU. Ni hesabu inayojifanya kuku, lakini jina limechongwa humo kwa chuma, halifutiki.

Shahada napewa tarehe kumi na moja Aprili. Na kuna jambo. Profesa anataka niendelee naye, tutengeneze cha vigeuzi tisa, kasi mara mbili. Kazi ya kweli, si ya mwanafunzi. Inaanza mwezi wa tano tarehe moja, na anasema mwanzoni ndipo penyewe, si vizuri kukosekana. Kwa hiyo nitakuja Krismasi. Safari hii ni kweli, bibi.

Mjukuu wako anayekupenda,
Recheli


Bukene, 2 Machi 2025

Daktari Recheli, mke mwenzangu,

Mektilda alipofika kwenye "patupu" alisimama kusoma, akapiga kigelegele, na nikakisikia. Lugembe alitoka kwenye mizinga na kofia yake ya wavu akidhani kuna moto. Batuli alinyanyua mikono yote miwili, nikamwambia kumbe bega ni zima! Padri amenipa dakika mbili baada ya matangazo, nikawaeleza watu kinu chako, nikachukua dakika ishirini. Wanaume wakasinzia. Wanawake wote wameelewa.

Nina furaha mpaka nyumba imekuwa ndogo. Hayo yawekwe kwanza, yasije yakapotea kwa haya yanayofuata.

Kidude kilipokufa, hukuja kwa aibu. Sasa kimepona, huji kwa kazi. Niambie, Daktari, hicho kitu kiwe na hali gani ndipo kikulete nyumbani?

Kazi ichukue. Sikukatazi, anayejua kutwanga hapewi ungo akae. Lakini mwambie mzee huyo maneno haya, na uyatafsiri bila kuyapamba: kwenye kinu alichokichora yeye mwenyewe ubaoni, kila wakati yuko mmoja aliyesimama pembeni anapumua, na asipokuwepo huyo, kinu kizima kinalia uongo. Mwulize kama amekisahau upesi hivyo. Mwambie nimemwekea chupa ya asali, utampa ukirudi. Tarehe moja mwezi wa tano si tarehe ya Mungu, inasogezwa.

Na usiniambie Krismasi. Krismasi imeniua jogoo. Mahindi mwaka huu yamesimama vizuri, na mkono wa Batuli sasa hauna kisingizio, lakini nataka na wako. Nataka nikae nawe uani tukipukuchua, uniambie kwenye sikio la kushoto mambo yote usiyoyaandika. Najua yapo. Barua zako nazijua zilivyo na mashimo.

Ni mimi, bibi yako,
Bertila

Mektilda, usifunge bahasha kwanza, andika na hili. Recheli, ukishapewa shahada yako, kesho yake nenda ukakate tiketi, na ukate ya kuja tu. Ya kurudi tutaitafuta wote, mahindi yakishaingia ghalani.